Maabara ya vipimo vya mapafu Mombasa: hemogramu ya elfu moja ilitufaa kuliko kifurushi kizima

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kwanza na kila mtu. Kifurushi cha mapafu kinauzwa shilingi 14,500. Ndani yake kuna hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe za damu; ESR, CRP na fibrinojeni, ambavyo hupima uvimbe, yaani mwili kuwaka ndani unapopambana na jeraha au maambukizi; na vipimo vitatu vya mkazo wa oksidisho, yaani uharibifu wa seli unaoletwa na kemikali kali: malondialdehaidi, glutathioni, na kingine kilichoandikwa "uwezo wa jumla wa kuzuia oksidisho". Hemogramu hiyo hiyo, ukiiagiza peke yake kwenye kaunta ile ile, ni shilingi 1,000. CRP peke yake ni 1,500. Orodha ya bei ya kipimo kimoja kimoja wanayo, lakini tulipokwenda ilikuwa imekaa ndani ya droo, usipoiomba huletewi.

Jina la maabara silitaji. Iko kisiwani, na vifurushi vya namna hii siku hizi vinauzwa na wengi, kwa hiyo ninayosema hapa mtu anaweza kuyatumia popote atakapokwenda. Mgonjwa ni mamangu, ana miaka 68. Amepika mahamri na viazi karai Majengo tangu mimi mdogo, mahamri kwa makaa na viazi kwa kuni, ndani ya kibanda cha mabati chenye mlango mmoja na kidirisha kinachozibwa kwa gunia upepo wa kusi ukivuma. Sigara hajawahi kuitia mdomoni. Kilianza kikohozi cha alfajiri chenye makohozi. Kisha ikawa hawezi kutoka kituo cha matatu mpaka nyumbani bila kusimama. Ananishika bega, anainama, anangoja pumzi imrudie. Kaka yangu aliye Doha akaliona tangazo la maabara hii kwenye simu, akatuma pesa siku hiyo hiyo. Tangazo lilisema kwamba damu inaweza kugundua ugonjwa wa mapafu kabla haujajionyesha. Ugomvi wangu na huduma hii uko kwenye sentensi hiyo, nitaufikia.

Mazuri kwanza, kwa sababu yapo na walioyafanya wanastahili sifa. Mlango uko chini, hakuna ngazi, na kwa mtu wa kifua hilo si jambo dogo. Feni zinafanya kazi, viti vina mikono ya kuegemea. Leseni ya KMLTTB, ile bodi ya wataalamu wa maabara nchini, imetundikwa mahali pa kuonekana na mwaka wake ni wa sasa. Dada aliyetoa damu alianza na "Shikamoo bi," akaketi, akamwuliza mamangu kama wiki ile amepata homa, jino kuuma au kidonda chochote, na majibu akayaandika kwenye fomu. Swali hilo wengi hawaliulizi, na bila hilo nusu ya namba zinazofuata hazisomeki. Mishipa ya mamangu ni myembamba, inakimbia sindano. Kwingine wameshamchoma mpaka mkono ukageuka rangi. Huyu aliuweka mkono kwenye kitambaa cha maji ya vuguvugu, akasubiri, akapata mara moja. Sindano aliifungua mbele yetu. Vichupa alivibandika jina kabla hatujanyanyuka. Kile cha kizibo cha buluu, cha fibrinojeni, alihakikisha kimejaa mpaka mstarini, na nilipomwuliza akaniambia kwamba dawa ya kuzuia kuganda iliyomo imepimwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, kikipungua jibu linapotoka. Mamangu alimwombea dua hapo hapo kitini.

Hemogramu ilikuwa tayari kabla ya adhuhuri. CRP na ESR jioni. Fibrinojeni kesho yake. Vile vitatu vya oksidisho vikakawia kwa sababu, tulivyoelezwa baada ya kuuliza, damu inasafirishwa nje ya nchi. Majibu yote yaliletwa kwa WhatsApp, usiku, faili lenye rangi nzuri na mishale myekundu inayopanda juu, bila mtu wa kuyaeleza. Mamangu aliiona mishale ile akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo nakufa?" Ninaandika haya nikiwa bado na hasira ya swali hilo. Mzee hatumiwi mishale myekundu saa nne ya usiku.

Kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na nimezoea kusoma hati mstari kwa mstari mpaka nijue kila mstari umewekwa kwa nini. Nilizichukua kurasa zile na mamangu tukaenda kwa daktari wa kifua, kliniki ya umma. Aliziweka mezani, akazisoma polepole, halafu akauliza kitu ambacho hakimo kwenye kurasa zote: "Amepuliza mashine?" Hakuwa amepuliza. Hakuna mtu kwenye maabara aliyetuambia kwamba kuna mashine ya kupuliza.

Mashine hiyo ni spirometa. Unavuta pumzi mpaka kifua kijae, unapuliza kwa nguvu zako zote na unaendelea kupuliza hata ukihisi hakuna kilichobaki, angalau sekunde sita. Inapima hewa iliyotoka sekunde ya kwanza na hewa yote iliyotoka. Kisha unapewa salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua njia za hewa, unangoja kama robo saa, unapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote hata baada ya dawa, njia za hewa zimeziba, na ukiunganisha na dalili na moshi aliovuta mtu, ndipo daktari anautamka ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, ule wanaouandika COPD. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD hautambui njia nyingine ya kuuthibitisha. Mamangu alipata asilimia 58. Ilimgharimu jasho na kukohoa, na mhudumu alimhimiza kwa sauti utafikiri wako uwanjani, "Puliza bi, puliza, puliza, usiache!" Tulilipa sehemu ndogo sana ya bei ya kifurushi.

Sasa turudi kwenye damu, maana sisemi kwamba damu haina maana. Nasema maana yake siyo ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Daktari alipita juu ya mishale myekundu na kidole chake kikasimama kwenye mstari ambao maabara haikuuwekea mshale wowote: eosinofili, 420 kwa mikrolita. Hizi ni aina moja ya chembe nyeupe za damu, na zimo ndani ya hemogramu ya kawaida mradi iwe ile inayozigawa chembe nyeupe kwa aina zake. Mwongozo wa GOLD, tangu toleo la 2019, unaitumia namba hii kuamua dawa. Mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara ingawa anatumia pampu za kufungua kifua, akiwa na eosinofili 300 au zaidi, ana nafasi nzuri ya kusaidiwa na steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Akiwa chini ya 100, faida ni ndogo, na hasara ipo: steroidi ya kuvuta huongeza hatari ya nimonia kwa wagonjwa hawa. Kwa hiyo namba ya shilingi elfu moja inaamua kama mama yako atapewa dawa ya kila siku au ataepushwa nayo.

Na hapa Pwani kuna jambo lake. Eosinofili hupandishwa na pumu na mzio, lakini pia na minyoo, na kichocho. Daktari alitaka kujua kama mamangu ana shamba, kama amekanyaga maji ya mto au bwawa. Anako kwao, upande wa Kwale, na mpunga ameulima ujana wake wote akiwa miguu mitupu. Akaagiza choo na mkojo vipimwe, akampa dawa ya minyoo, akataka hemogramu irudiwe baadaye. Akaagiza pia makohozi yapimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert kabla ya steroidi yoyote, kwa kuwa kifua kikuu kinaweza kujificha nyuma ya kikohozi kama hiki na steroidi ikakipa nafasi. Makohozi yalikuwa safi. Eosinofili ziliporudiwa zilikuwa 340. Hapo ndipo akaongeza steroidi kwenye pampu yake, akamfundisha kusukutua kinywa kila akishavuta ili asiote utando mweupe ulimini. Mambo yote hayo yalitoka kwenye ukurasa wa bei rahisi kuliko zote.

CRP ya mamangu ilikuwa 4.8 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, na karatasi iliipigia mshale kwa sababu wao wameweka mpaka kwenye 3. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapohisi maambukizi au jeraha. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na tangu hapo imekuwa kipimo cha uvimbe kinachoaminika kwa sababu ni ya haraka: inaanza kupanda ndani ya saa chache, inafika kileleni kama siku ya pili, na chanzo kikiisha inapungua nusu kwa takriban kila saa 19. Lakini ni king'ora cha bandarini: kinalia, hakikwambii ghati gani inaungua. Jino bovu litaipandisha. Malaria itaipandisha. Unene peke yake unaweza kuiweka juu kidogo miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana lile swali la yule dada kuhusu homa na jino lilikuwa na thamani, na ndiyo maana 4.8 peke yake haikumwambia daktari chochote kuhusu mapafu.

Hata hivyo CRP ilikuja kutufaa, na siyo siku ile. Kaskazi ilipoingia na vumbi lake mamangu alizidiwa: pumzi fupi, makohozi mengi, usiku analala ameketi. Kwenye kliniki walimchoma kidole wakapima CRP pale pale, ikawa 11. Makohozi hayakuwa yamegeuka rangi. Daktari akampa vidonge vya steroidi vya siku chache, akamwongezea pampu, na antibiotiki akazizuia. Nilimwuliza kwa nini, kwa sababu mtaani kwetu kikohozi bila antibiotiki mtu huona hajatibiwa. Akanieleza jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, la wagonjwa 653 wa ugonjwa huu waliozidiwa. Katika kundi moja madaktari waliwapima wagonjwa CRP ya kidoleni, wakaelekezwa kwamba chini ya 20 antibiotiki haielekei kusaidia na juu ya 40 inaelekea kusaidia. Waliotumia antibiotiki katika kundi hilo walikuwa asilimia 57, na katika kundi lisilopimwa asilimia 77.4, na hali za wagonjwa hazikuwa mbaya zaidi. Mamangu alipata nafuu bila kidonge kimoja cha antibiotiki. Kipimo ni kile kile, cha bei ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii kiliulizwa swali linalokifaa.

Fibrinojeni nayo ilikuwa juu, miligramu 410 kwa desilita. Hii ndiyo protini inayogandisha damu, na ini huizalisha kwa wingi pakiwa na uvimbe wa muda mrefu. Maabara inaitangaza kwamba "imeidhinishwa na Marekani kwa ugonjwa wa mapafu". Ni kweli kwamba mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali fibrinojeni. Iliikubali kwa kazi moja: kuwasaidia watafiti wa dawa mpya kuchagua wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa au kufariki, ili wawaingize kwenye majaribio, na kiwango cha kuwachagulia ni miligramu 350 kwa desilita. Kutoka hapo mpaka kumuuzia mpishi wa viazi wa Majengo kwamba itamgundulia ugonjwa ni mbali, na kuikata habari hiyo katikati ni kuwadanganya watu.

Utafiti unaoitwa ECLIPSE ndio ulionikalia moyoni. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,755 wa COPD, wakapima vitu sita katika damu zao: chembe nyeupe, CRP, fibrinojeni, na protini tatu za uvimbe zinazopimwa zaidi kwenye utafiti, interlukini-6, interlukini-8 na TNF-alfa. Asilimia 16 walikuwa na uvimbe usiozimika, unaoonekana mwanzoni na mwaka mmoja baadaye. Katika miaka mitatu, wenye uvimbe huo walikufa asilimia 13. Wale ambao damu yao ilikuwa kimya walikufa asilimia 2. Kwa hiyo damu inaweza kuonyesha nani yuko hatarini zaidi kati ya wale wanaojulikana kuwa wagonjwa. Huko Copenhagen nako, mwaka 2013, walipotazama watu zaidi ya elfu sita wenye njia za hewa zilizoziba, wenye CRP, fibrinojeni na chembe nyeupe vyote juu kwa pamoja ndio waliokuja kuzidiwa mara nyingi zaidi. Lakini rudi ECLIPSE utazame upande wa pili. Asilimia 30 ya wagonjwa wale, watu ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika na mashine ya kupuliza imethibitisha, damu zao hazikuonyesha uvimbe wowote. Mtu wa namna hiyo akinunua kifurushi cha shilingi 14,500 atarudi nyumbani na karatasi isiyo na mshale hata mmoja, atafurahi, ataendelea kupuliza kuni. Hilo ndilo linaloniogopesha kwenye tangazo lao, kuliko mishale.

ESR sina la kusema sana. Huwa juu kwa wanawake na kwa wazee, na upungufu wa damu huipandisha. Kwa kuwa CRP ilikuwapo, daktari hakuiangalia ESR mara mbili.

Vile vitatu vya oksidisho ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya bei, na ndivyo nilivyovifuatilia zaidi kwa sababu elimu yake yenyewe ni ya kweli na inamhusu mamangu moja kwa moja. Moshi wa kuni, kama ule wa sigara, umejaa kemikali kali zinazonyang'anya elektroni kutoka kwa kila kitu zinachokigusa. Chembe nyeupe zinazokimbilia mapafuni kusafisha masizi nazo humwaga kemikali za aina hiyo hiyo. Mafuta ya kuta za seli yanaharibika, na moja ya mabaki yake ni malondialdehaidi. Glutathioni, ambayo ni kinga iliyotandazwa juu ya utando wa mapafu, inatumika ikaisha. Kuna protini iitwayo alfa-1 antitripsini inayoyalinda mapafu yasitafunwe na vimeng'enya vya chembe zetu wenyewe. Ikioksidishwa inapoteza nguvu, na vifuko vya hewa vinaanza kuliwa. Daktari alinichorea haya nyuma ya bahasha. Nilipomaliza kumsikiliza nilimwona mamangu upya, na kile kibanda cha mabati pia.

Ila kipimo cha damu ya mkononi kinaliona jambo hilo kwa mbali sana. Malondialdehaidi hupanda kwa kisukari, kwa maradhi ya figo, kwa mambo mengi. Njia rahisi ya kuipima, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jibu letu, hunasa na vitu vingine visivyo malondialdehaidi, ikiwemo baadhi ya sukari. Chembe nyekundu zikipasuka kichupani jibu linaharibika. Glutathioni hubadilika ndani ya dakika ikiwa damu haikutengenezwa mara moja. Kwenye utafiti sampuli hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Yetu iliingia kwenye boksi la barafu, joto la Mombasa nje, ikachukuliwa na bodaboda. Niliuliza ilikaa saa ngapi kabla ya kugandishwa, kaunta hawakuwa na jibu. Kuna hati ya ithibati ya KENAS, shirika la taifa la kuthibitisha ubora wa maabara, ukutani, na hiyo ni sifa ya kweli, lakini ithibati huambatana na orodha ya vipimo ilivyovikagua. Iombe hiyo orodha. Kwao hemogramu na CRP zimo. Vya oksidisho havimo.

Na hata jibu lingekuwa sahihi kabisa, hakuna dawa inayobadilishwa kwa sababu yake. GOLD haivitumii vipimo hivi kuamua tiba. Nilimwuliza daktari kuhusu N-asetilisisteini, ile ya kuyeyusha makohozi ambayo pia huongeza glutathioni. Akasema jaribio la Uchina la 2014, la wagonjwa 1,006 waliomeza miligramu 600 mara mbili kwa siku, lilipunguza kuzidiwa. Jaribio la Ulaya la 2005, la wagonjwa 523 waliomeza 600 mara moja kwa siku, halikuweza kuzuia mapafu kuzorota. Hakuna kati ya hayo lililochagua wagonjwa kwa malondialdehaidi. Akiamua kumpa mamangu atampa kwa sababu ya makohozi yake na historia yake.

Baada ya majibu ya oksidisho kufika, maabara ilipiga simu. Kijana mwenye sauti nzuri, alijiita mshauri wa lishe, akamwambia mamangu kwamba "sumu zake ziko juu" na wana vidonge vya kuzishusha, shilingi 4,200 kwa mwezi. Nilimwomba anitumie picha ya lebo. Ndani mlikuwa na beta-karotini kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1994 Wafini walichapisha jaribio la wanaume 29,133 wavutaji sigara: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mamangu havuti, na siwezi kusema vingemdhuru yeye. Lakini jirani yetu ni mvutaji wa pakiti kwa siku, alisikia habari ya vidonge vya kusafisha mapafu akaja kuniomba namba ya yule kijana. Sikumpa. Maabara inayouza vidonge vya namna hiyo kwa watu wa kifua bila kuwauliza kama wanavuta sigara inapaswa kuacha leo, kabla ya kesho.

Daktari aliuliza habari za jikoni kwa muda mrefu kuliko habari za damu. Anapikia wapi, mlango unaelekea wapi, udi na ubani wanafukiza mara ngapi, koili za mbu wanawasha? Hilo la koili lilinishtua: watafiti waliopima koili za Malaysia na China, mwaka 2003, waliona koili moja inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyotokana na moshi wa majumbani, na milioni 3.5 vya COPD kwa mwaka 2021. Sasa viazi vinakaangwa kwa gesi, uani, mahamri bado kwa makaa lakini nje ya paa, na ndugu yangu wa Doha ndiye aliyenunua mtungi. Chandarua kimechukua nafasi ya koili. Udi mamangu amekataa kuuacha wote. Anafukiza nguo uani, yeye akiwa amesimama upande unakotoka upepo.

Nyota zangu basi. Utoaji wa damu, usafi na adabu ya wahudumu: nyota tano, na yule dada aongezwe mshahara. Hemogramu na CRP zikiagizwa peke yake: nyota nne, moja nimeipunguza kwa ajili ya kutuma majibu usiku bila maelezo. Kifurushi chenyewe: nyota moja.

Nilimwandikia meneja haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Alinipigia mwenyewe, akasikiliza, hakunikata kauli. Orodha ya bei ameitoa kwenye droo akaitundika kaunta, nimekwenda nikaiona. Majibu ya wazee anasema sasa yatatumwa mchana, na atakayepiga simu ni mtaalamu wa maabara. Kuhusu neno "gundua" kwenye tangazo aliniambia atazungumza na wakubwa wake. Mpaka wiki iliyopita lilikuwapo, na vidonge vilikuwapo. Siku nitakapokuta vyote viwili vimeondolewa nitabadilisha nyota.

Kwa atakayekwenda: wanafungua saa moja asubuhi, Jumapili wamefunga. Omba hemogramu inayogawa chembe nyeupe kwa aina zake, useme hivyo hivyo kaunta, na uangalie jibu limeandika eosinofili kwa idadi na siyo asilimia tu. Ukifika kabla ya saa nne unaondoka nalo siku hiyo hiyo. Mashine ya kupuliza hawana; iulizie kliniki ya kifua, na piga simu kabla ya kumtoa mzee nyumbani, kwa sababu haiendeshwi kila siku.